Wa Uvunguni: Ndege Mdogo wa Pugu na Vitanda vya Keko

(Mhadhara uliotolewa mbele ya mafundi, walimu na wakazi wa Keko, Temeke)

Vijana mmesimama mlangoni kwa kukosa viti. Kukosa viti Keko, mtaa wa maseremala, ni habari ya kuandikwa gazetini, lakini naelewa: vyote vimepangwa barabarani vinangoja wanunuzi.

Nilipokubali kuja hapa, mwenyeji wangu alinisihi nizungumze juu ya kunguru. Alikuwa na haki. Kunguru ndiye ndege wa mtaa huu. Anaamka pamoja na muadhini, anaiba mnofu kwenye sahani ya mama lishe, ananyakua vifaranga mchana kweupe, na jioni anakwenda kulala bila aibu. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu hata kidogo. Asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale takataka za mji, kisha akaenea hadi huku bara. Habari zake mnazijua kuliko mimi. Mimi nimekuja na ndege mwingine ambaye nadhani katika ukumbi huu waliomwona hawafiki watatu, ingawa makazi yake yako mwisho wa barabara ile ile inayotupeleka uwanja wa ndege.

Kabla sijamtaja, naomba niwaulize mafundi swali la kazi. Mnapotengeneza kitanda, nini hukaa chini yake? Mteja hapimi uvungu. Mteja anapapasa ubao wa kichwani, anagonga mbao kwa kifundo cha kidole asikie kama ni mninga kweli au amedanganywa, anatazama vanishi inavyong'aa. Lakini akishafika nyumbani, uvungu ndio unaobeba maisha yake: sanduku la nguo za sikukuu, ndoo ya unga, viatu, ungo, redio mbovu iliyokataa kutupwa. Wahenga wakasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Msemo huu tumezoea kuutumia kwa mtu mwenye shida anayepaswa kunyenyekea. Leo nautumia kama ulivyo, kwa magoti na viganja, maana msitu nao una uvungu, na ndege wangu ni wa huko.

Ni ndege wa kuenea kiganjani. Urefu wake ni kama sentimita 12 tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na uzito wake kwa kawaida hauzidi gramu 20. Wawili mkiwaweka kwenye mizani hawalifikii yai moja la kuku. Mgongo ni wa kahawia, uso na mabawa yana rangi ya kijivu inayoelekea bluu, na kuanzia kooni hadi kifuani ni manjano iliyoiva, kama nyama ya embe dodo. Mbele ya jicho ana kidoa cheupe ambacho siku zote hukificha chini ya manyoya, akakifunua pale tu anapokasirika au anapomwona jike. Jicho lenyewe ni kubwa kupita kiasi cha kichwa. Vitabu vya Kiingereza vinamwita akalat wa pwani ya mashariki. Mimi kwa ajili ya mazungumzo ya leo namwita akaleti wa pwani, na mwenye jina bora aniletee baadaye.

Kwa nini hana jina la Kiswahili linalojulikana na wengi? Nimelifikiria sana swali hili. Kiswahili si maskini wa majina ya ndege: tuna kwale, tiva, chozi, shorewanda, mwewe, bundi, kanga, njiwa wa kila namna. Lakini tazameni waliopewa majina. Kwale tunamtega tukamla. Mwewe anatuibia. Bundi anatutisha akilia juu ya paa. Tiva tunamsikia bustanini, na chozi anakuja mwenyewe kwenye maua ya mgomba. Aliyepewa jina ni yule aliyetufikia uani, jikoni au katika hofu zetu. Akaleti haingii shambani, hali mtama wa mtu, haharibu kitu, hana nyama ya kutosha kutia kwenye jino, wala halii usiku. Wenyeji wa kingo za msitu, wawindaji na wachimba dawa, hao nina hakika wana namna zao za kumwita. Sisi watu wa mjini tulimpita.

Wazungu walimpa jina la kitabuni mwaka 1909. Alwin Haagner, mtaalamu wa ndege wa Afrika Kusini, alielezea ndege aliyekusanywa Msumbiji, karibu na Beira, akamwita Sheppardia gunningi. Neno la kwanza linamkumbuka Sheppard, mkusanyaji aliyekuwa huko Msumbiji. La pili linamkumbuka Gunning, mkurugenzi wa makumbusho ya Pretoria. Kwa hiyo kiumbe wa gramu 20 hubeba majina ya mabwana wawili, na mmoja wao kazi yake ilikuwa ofisini. Silalamiki sana. Mwaka 2004 jamaa wa akaleti huyu, anayeishi katika milima ya Rubeho na Ukaguru, alitangazwa kuwa aina mpya kwa sayansi, na kati ya watu watatu walioandika tangazo hilo yumo Mtanzania, Jacob Kiure, pamoja na Pamela Beresford na Jon Fjeldså. Mpaka mwaka ule, ndege yule alikuwa akiruka katika misitu ya nchi yetu bila kuandikwa mahali popote. Na hapo tunazungumzia ndege, viumbe wanaotafutwa na kila mtu mwenye darubini. Jongoo na buibui wa huko chini mtawahesabu lini?

Tanzania ina bahati ya peke yake kwa ukoo huu. Akaleti wa Usambara yuko Usambara Magharibi tu. Akaleti wa Iringa yuko nyanda za juu kusini. Wa Rubeho nimekwisha kumtaja. Hao watatu hawapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Wa pwani ana eneo pana zaidi, lakini limekatika vipande vipande kama kitambaa cha viraka: kipande pwani ya Kenya, kipande chini ya Usambara Mashariki, kipande Pugu, kipande Rondo kule Lindi, kisha Msumbiji na Malawi. Ukichora ramani ya ndege huyu umechora ramani ya masalia ya misitu ya pwani.

Sasa tuiname.

Ukiingia msitu wa Pugu kutoka kwenye jua la saa nne, kwa dakika mbili huoni kitu. Si giza, ila macho hayajazoea. Katika msitu uliofunga vizuri juu, mwanga unaofika ardhini ni asilimia moja au mbili tu ya ule ulioko nje. Hakuna upepo. Hewa ni nzito na ya baridi kidogo, ina harufu ya kitu kilichooza kwa adabu. Chini kuna majani. Si jani moja moja. Ni tabaka juu ya tabaka: ya juu makavu yanayolia ukikanyaga, ya kati laini na yenye madoa, ya chini kabisa yamekwisha kuwa kama unga mweusi unaonata vidoleni. Katikati yake zimepita nyuzi nyeupe za kuvu. Humo mnaishi mchwa, jongoo, tandu, mende wa msituni, buibui, viwavi, na panzi wadogo wa rangi ya udongo. Hiyo ndiyo ghala ya akaleti.

Anavyowinda ni jambo la kutazamwa na fundi, kwa sababu ni kazi ya subira na kipimo. Husimama juu ya gogo au kitawi kilicho chini ya goti la mtu, akatulia kama msumari. Lile jicho kubwa ni la kuonea katika mwanga hafifu. Jani likitikisika kwa sababu isiyo ya upepo, anashuka, anadonoa, anarudi juu. Wakati mwingine hupekua ardhini kwa miruko mifupi, mkia ukitikisika. Haendi mbali. Jozi moja hushika eneo lake, na wimbo wake, filimbi nyembamba ya haraka inayorudiwarudiwa, ni hati ya kiwanja: hapa pana mwenyewe. Ninyi mnaopigania mipaka ya viwanja mnamwelewa.

Kisha kuna siku ya siafu. Hapa mjini watu wengi huchanganya siafu na maji moto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe na kumwangukia mpandaji shingoni. Siafu ni jeshi jingine. Hutoka baada ya mvua, kwa maelfu na malaki, wakatandaza safu yao juu ya majani kama mafuta yaliyomwagika, na kila chenye miguu kinakimbia mbele yao. Ndege wa uvunguni wanajua habari hii kabla yetu. Hukusanyika mbele ya safu: akaleti, ndege wakubwa zaidi wa mkia mwekundu, shorewanda wa msituni, kila mmoja na ngazi yake, wa chini chini, wa juu juu. Hawali siafu wenyewe, wanakula wakimbizi. Kwa saa moja panakuwa na karamu ambayo hakuna aliyeiandaa. Kando kando hupita sange, yule mnyama wa pua ndefu inayochezacheza, mweusi mgongoni na mwekundu mabegani, naye akipekua majani hayo hayo. Sange wa aina hii ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na mimi humchukulia kama akaleti aliyenyimwa mabawa.

Nataka mzingatie jambo moja hapa, kwa sababu ndilo lililonileta. Hakuna katika karamu hiyo anayehitaji mti kama mbao. Wanahitaji jani lililoanguka na kuachwa. Na sisi tumelelewa kwamba jani lililoanguka ni taka. Mtoto wa kike anafundishwa afagie uwanja kabla ya jua, mistari ya ufagio ionekane kwenye mchanga. Mgeni akikuta majani uani anaondoka na maneno. Siwalaumu mama zetu, nyoka hujificha kwenye majani na uwanja mweupe ni usalama. Ila jicho hilo la uani tumeingia nalo msituni. Mtu akiona msitu uliosafishwa chini, miti mikubwa imesimama kama nguzo za msikiti na ardhi imefagiwa, husema: msitu mzuri huu! Akaleti akiuona huo amekwisha kufa njaa.

Mtaniuliza: si ndege huyo? Kwani hana mabawa? Akikosa hapa si aruke aende kule?

Swali hilo lilijibiwa katika nchi hii hii, Usambara Mashariki, kwa kazi iliyoanza mwaka 1987. Mmarekani William Newmark, pamoja na wasaidizi wenyeji wa huko, walitandika nyavu nyembamba ndani ya vipande vya msitu vilivyobaki kati ya mashamba ya chai, vingine vidogo kuliko uwanja wa mpira na vingine vya mamia ya hekta. Ndege aliyenaswa alivalishwa pete mguuni, akapimwa, akaachiwa. Mwaka 1991 Newmark akachapisha alichokiona: kadiri kipande kilivyo kidogo na kilivyo mbali na msitu mkubwa, ndivyo ndege wa uvunguni wanavyopungua aina kwa aina. Na wengi wao hawavuki. Mabawa wanayo, lakini wamezoea kivuli kiasi kwamba njia ya gari au upana wa shamba huwa kwao kama bahari. Fikirini mvuvi wa Kigamboni aliye hodari majini, mwambieni avuke jangwa.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 2011, Newmark na mwenzake Stanley wakatoa sehemu ya pili ya hadithi. Viota vilivyomo katika vipande vya msitu huliwa zaidi kuliko vile vya msitu mpana. Huyu si robini wa Ulaya anayetaga mayai matano au sita kwa mara moja. Ndege wadogo wa misitu ya joto hutaga mawili, pengine matatu, karibu na ardhi, kwenye kisiki au shinani mwa mche. Nyoka akishapita, mwaka umekwenda. Kwa hiyo ndege waweza kuwaona leo ndani ya kijisitu, ukaandika kwamba wapo, kumbe ni wazee wasio na wajukuu.

Hayo yalikuwa ya milimani. Turudi kwetu.

Wazee mliopo mnakumbuka kwamba Barabara ya Nyerere iliitwa Barabara ya Pugu. Mwalimu alifundisha Pugu kuanzia 1952 hadi 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU, kwa hiyo jina jipya lilikwenda kwa mtu wa njia ile ile. Ukitoka Keko ukashika Tazara, Vingunguti, Kipawa, Ukonga, Gongo la Mboto, hadi Pugu yenyewe ambako ng'ombe wa mnadani wanatimua vumbi, hujawahi kuacha nyumba nyuma yako. Zamani ungeanza kuona msitu mapema. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilipasua vilima hivyo, na leo treni ya umeme inayokwenda Morogoro na Dodoma ina kituo chake cha kwanza baada ya kutoka mjini pale pale Pugu. Msitu uliobaki, pamoja na jirani yake Kazimzumbwi, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu kama hifadhi ya mazingira asilia. Umezungukwa. Ni kisiwa, na bahari yake ni mabati.

Sasa nisogee karibu na karakana zenu, na naomba mnivumilie.

Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walichapisha utafiti juu ya misitu inayoizunguka Dar es Salaam. Walilinganisha hali ya mwaka 1991 na ya mwaka 2005. Walichokikuta ni mawimbi, kama jiwe lililotupwa bwawani, na jiwe lenyewe ni jiji letu. Wimbi la mbele kabisa, lililo mbali na mji, ni la mbao za bei kubwa. Nyuma yake linakuja la mbao za bei ndogo. La mwisho, lililo karibu na mji, ni la mkaa. Na mawimbi hayo yalikuwa yanasonga: uharibifu ulikwenda karibu kilomita 9 kila mwaka, kilomita 120 katika miaka 14. Fundi wa Keko wa mwaka 1991 na yule wa 2005 walikuwa wanapiga randa mbao za miti ambayo makwao yametofautiana kwa safari ya siku nzima ya lori. Ninyi mliokuwepo mnalijua hilo bila kusoma utafiti. Mlilijua kwa bei.

Wenzangu wa hifadhi hupenda kuishia hapo: wanamnyoshea kidole seremala. Mimi siishii hapo. Mkata mvule au mkongo huingia msituni akachagua mti mmoja, akauangusha, akauburuta. Anaacha tundu juu, mwanga unaingia, majani ya mahali pale yanakauka, magugu yanapanda. Ni jeraha. Lakini kulia na kushoto kwake uvungu umebaki, na akaleti anaweza kusogea hatua chache akaendelea. Mchoma mkaa hachagui. Anahitaji vinene na vyembamba, anakata fito na mashina pamoja, anakwangua udongo na majani afunikie tanuri lake, na tanuri lenyewe linaoka ardhi. Akimaliza, hakuna juu wala chini. Kwa akaleti, gunia la mkaa ni zito kuliko gogo la mvule.

Msifurahi mapema. Mchoma mkaa anapita njia gani kwenda huko ndani? Anapita njia iliyofunguliwa na wakata mbao. Wimbi la mwisho haliji bila la kwanza. Na mimi ninayesema haya nimelalia kitanda cha mkongo kilichotoka mtaa huu miaka mingi iliyopita, hakijalia hata siku moja, na sina nia ya kukirudisha.

Kazi yenu nayo imebadilika. Nimepita leo asubuhi nikihesabu. Kochi kumi, na mifupa ya tisa ni misonobari ya mashamba ya Mufindi, yale ya Sao Hill na ya wakulima wadogo wa huko. Mtiki wa Longuza nimeuona kwenye milango miwili. Mninga bado upo kwa mwenye pesa, lakini huo ni mti wa miombo ya bara, si wa msitu wa Pugu. Kwa hiyo leo hii anayeishi juu ya mgongo wa akaleti si tena karakana. Ni jiko, langu na lenu. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba karibu nusu ya mkaa wote unaotumika Tanzania hutumika katika jiji hili moja. Kopo la mkaa linalopimwa pale kwenye kona ni sehemu ya hesabu hiyo. Serikali imepiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi kubwa kuanzia mwaka 2024, na mkakati wake unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi naiunga mkono, ila nawaambia wanaoupanga: mama wa Keko hachemshi maharage kwa mkaa kwa sababu hapendi ndege. Anachemsha kwa mkaa kwa sababu mkaa unauzwa wa leo, na mtungi wa gesi unauzwa wa mwezi.

Kuna mahali ndege huyu bado ana nafasi ya kupumua. Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya kati ya Kilifi na Malindi, ni msitu wa kilomita za mraba zaidi ya 400, mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake kwenye mwambao huu. Mkenya Paul Matiku, aliyekuja kuongoza shirika la Nature Kenya, alitembea huko na wenzake wakihesabu akaleti wa pwani kwa masikio zaidi kuliko kwa macho, na mwaka 2000 wakatoa makadirio ya maelfu ya jozi. Pugu haiwezi kuwa na maelfu. Haijawahi kuwa na eneo hilo. Kinachonisumbua kuhusu Pugu si wingi. Ni ukaribu. Jiji la mamilioni ya watu lina msitu wa kale mwisho wa njia ya daladala, na ndani yake mna kiumbe anayehitaji tu majani yasifagiwe, na wengi wetu tumeufahamu mlima ule kwa sababu ya shule, mnada na mashimo ya kaolini yaliyojaa popo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na siku niliyomwona.

Nilikwenda mara tatu bila kumwona. Mara ya kwanza nilisema sana. Mara ya pili nilitembea sana. Mara ya tatu nilichelewa, jua likawa limepanda. Mara ya nne mzee mmoja wa kijiji cha kando ya msitu alikubali kunisindikiza, na alichofanya ni kunionyesha gogo akasema, "Kaa hapo, mwalimu, usiwe mtu." Nikakaa. Saa kumi na mbili na nusu, mvua imekatika usiku. Nilisikia kwanza mlio kama mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Nikadhani ni mvua inarudi. Panzi mmoja akaruka, mwingine, kisha ardhi yote mbele yangu ikaanza kutembea.

Akaleti alitokea bila kuja. Yaani sikuona akiruka kutoka popote. Nilitazama kitawi kilichokuwa kitupu, na hakikuwa kitupu. Kifua cha embe, jicho kubwa jeusi. Alikuwa kwenye usawa wa goti langu, umbali wa kama futi sita, tepu ya fundi ingefika. Akashuka, akarudi na buibui mdomoni, akamgonga mara mbili kwenye kitawi, akammeza. Akanitazama kwa upande. Kwa mbali, kule bondeni, honi ya treni ikalia, naye hakushtuka, inaonekana ameizoea kuliko sisi. Akashuka tena.

Nilitaka kuhesabu mara ngapi anashuka kwa dakika. Nilifika nne. Ya tano sikuiona kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya gogo nikivua viatu na suruali mbele ya mzee wa watu, na mzee amekaa chini anacheka hadi machozi.

Wanaotaka kwenda, njooni Jumamosi, tutapanda gari la Kisarawe la alfajiri. Vaeni suruali ndefu, na muingize ncha zake ndani ya soksi.